Jibu la Noreen kwa Avril Sagar, Mchora Nyuso

Mwaka umetimia, Avril, tangu utuache asubuhi ile ya Machi, mvua ya theluji ikipiga dirisha la hospitali na mimi nimeshuka chini kununua chai. Ulifanya makusudi, najua. Maisha yako yote hukupenda kutazamwa ukiwa na kazi ngumu mkononi.

Nyumba bado haijakubali. Harufu ya tapentaini inapungua, na mimi niliyelalamika tangu tuoane kwamba hata pai yangu ina ladha ya rangi, sasa napanda chumba chako cha juu hapa nyumbani, nafungua chupa, nanusa, nafunga. Juzi binti yetu Janine alinikuta huko.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakagua mabomba."

"Chumba hiki hakina bomba hata moja."

"Ndiyo maana nakagua."

Alinitazama kwa macho yako yale yale, akanishika mkono tukashuka. Yeye ndiye aliyesema lazima tuandike kitu gazetini mwaka huu, na akanionya kiwe kifupi: mapenzi kidogo, shukrani kidogo, majina, basi. Nimemwambia mama yake alikuwa akichora sikio la mtu mmoja tangu Pasaka hadi majani yaanze kuanguka, kwa hiyo asiniharakishe. Tena uliniagiza jibu, Avril, ukaondoka kabla sijakuletea. Leo nimeleta. Lakini kwanza wasomaji ambao hawakukujua nao wasikie ulikuwa nani.

Ulizaliwa hapa hapa Colne, mama yako mfumaji kiwandani, baba yako mpeleka makaa. Ulipopata nafasi chuo cha sanaa London, baba yako aliwatangazia wenzake baani kwamba binti yake anakwenda kusomea kupaka milango na madirisha, na kwamba akirudi hakuna mtu mtaani atakayelipa fundi. Hukumsahihisha. Ulisema ilimpa fahari kubwa kuliko ambavyo ukweli ungempa.

London walimu wako walitaka turubai kubwa kama ukuta, na juu yake mstari mmoja. Wakakuambia kuchora nyuso za watu kumepitwa na wakati. Ukawajibu, "Nyuso bado zipo. Nimepanda nazo basi leo asubuhi." Hawakukupa alama nzuri. Ulirudi nyumbani na sanduku moja na kikohozi, ukaanza kufundisha kuchora madarasa ya jioni, ukakodi chumba cha juu cha kanisa la zamani la Wamethodisti kwa sababu dirisha lake linatazama kaskazini na mwanga wake hauhamihami.

Huko ndiko nilikokukuta. Bomba lilikuwa limeganda likapasuka, nikaitwa mimi, fundi bomba. Nimelala chali chini ya sinki nikasikia sauti inasema, "Usisogee." Nikadhani kuna nyaya za umeme zimeanguka majini. Kumbe ulikuwa unachora viatu vyangu. Nilikaa pale chini muda mrefu baada ya bomba kupona, nikijifanya kuna nati moja haitaki kukaza.

Watu wa London walikujua kwa vilima vyako. Kila picha uliyouza kule ilikuwa kilima: kilima na mvua, kilima na kondoo, kilima bila kondoo. Waliandika kurasa nzima juu ya vilima hivyo, wakakuita hodari wa ukimya. Wewe hodari wa ukimya! Tulikuwa tukisoma kwa sauti jikoni na Janine akianguka chini kwa kicheko. "Vilima vinalipa gesi," ulikuwa ukisema. "Kazi yangu iko mtaani."

Na kazi yako ilikuwa nyuso. Uliwachora watu wa mtaa wetu wa Spring Bank nyumba kwa nyumba, juu kwa chini ya ule mteremko, kwenye mbao nilizokukatia mimi: muuza samaki, mwosha maiti, binti wa duka la magazeti, wazazi wa watu, watoto wa watu. Na ulikuwa na sheria zako. Aliyekaa ndiye mwenye picha; ikikauka anaipeleka kwake, wala hakuna mtu wa London atakayeinunua hata alie. Haonyeshwi kabla haijaisha. Wala hukuchora uso ambao mwenyewe hayupo mbele yako, si kwa picha ya kamera, si kwa kumbukumbu. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema kumbukumbu ni mwongo mwenye adabu, humvalisha kila mtu nguo za Jumapili.

Na aliyekaa alilazimika kuongea. Uso ukinyamaza unalala, ulisema, na wewe hukutaka kuchora watu waliolala. Kwa hiyo ulijua mambo ya mtaa huu kuliko kasisi, na hukuyatoa nje. Ni mimi tu niliyekuwa nikijua kwamba kuna siri mpya, kwa jinsi ulivyokuwa ukipanda ngazi huku ukicheka peke yako.

Tunakukumbuka ukichovya brashi kwenye kikombe cha chai, kisha unakunywa. Tunakukumbuka ukifutia rangi kwenye fulana zangu, na si zile kuukuu. Tunakukumbuka ukicheza dhumna kwa hila mbele ya wajukuu na kuapa kwa jina la mama yako. Wale wa makao ya wazee walioona haya kuchorwa uso, uliwachora mikono, ukawabandikia kando ya kitanda. Ukasahau jubilei ya fedha ya ndoa yetu kwa sababu nyusi ya muuza samaki ilikuwa haijakubali. Hayo yote tunayakosa, hata lile la nyusi.

Kisha ule ugonjwa wa kutetemeka ulianza mkono wa kulia. Mwanzo ulisema ni baridi. Baadaye ulisema ni mimi nakupigia kelele. Mwisho ulinyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Ni wakati huo huo ndipo Imogen alipokuja, yule dada wa jumba la sanaa la mji, na miwani yake mikubwa na wazo lake: kukusanya nyuso zote za Spring Bank pamoja, chini ya paa moja, kwa mara ya kwanza. Si vilima. Nyuso. Ulimtazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa stesheni. Maisha yote ulikuwa umezitoa moja moja na hukuwahi kuziona zikiwa pamoja.

Ikabidi mimi na Janine tuzunguke na gari lake kuazima picha. Ee Mungu. Ungedhani tunaazima figo. Bwana Tattersall wa nyumba ya juu kabisa alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Baba yangu hajawahi kulala nje ya nyumba hii hata siku moja."

"Ni wiki chache tu, Bwana Tattersall," Janine akasema.

"Nikila nitamtazama nani?"

"Mtazame mkeo," nikamwambia.

"Nimeshamtazama," akajibu, na kutoka jikoni mkewe akapiga kelele, "Mpelekeni na yeye!" Tukampeleka. Alipanda gari na picha magotini hadi jumba la sanaa, akahakikisha imetundikwa, akarudi kwa miguu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila mlango. Lakini wote walitoa, Avril. Kwa ajili yako walitoa. Kwenye kuta zao pakabaki miraba ya karatasi ya ukutani isiyofifia, pale picha zilipokuwa, na watu wakawa wanaitazama hiyo.

Tulimwacha Noreen Holgate wa mwisho kwa sababu anakaa mkabala na sisi. Wasomaji, mumewe alikuwa Wilf, yule wa pai za sokoni, mwenye mashavu mekundu. Avril alimchora majira ya baridi ya mwisho ya maisha yake, miaka mingi iliyopita, na hakuna aliyejua kama ni ya mwisho. Wilf alikuwa ndiye mwenye kamera katika familia, kwa hiyo picha zote za likizo zina Noreen, zina bahari, zina mbwa, na hazina Wilf. Noreen alikuwa na uso mmoja tu wa mume wake duniani, na ulikuwa juu ya meko yake ya makaa.

Sasa, Noreen ni mwanamke anayesugua kizingiti cha mlango wake kila Ijumaa, hata mvua inyeshe. Mashuka yake yakianikwa, mtaa mzima unaona haya. Jioni ile kabla hatujaenda kumchukua Wilf, alimtazama juu ya meko, akaona masizi ya miaka na moshi wa sigara za Wilf mwenyewe, akasema hapana, mume wangu hatakwenda kukaa mbele ya mji mzima akiwa mchafu. Akamshusha. Akajaza beseni maji ya moto, akatia magadi ya kufulia na konzi nzuri ya sabuni, akachukua brashi ya sahani.

Tulisikia mlango. Nikafungua, nikamkuta amesimama kwenye mvua bila koti, amebeba ubao umefungwa taulo la kuogea, kama mtoto aliyetolewa bafuni.

"Avril yupo?"

"Yupo. Ingia. Umelowa, Noreen."

"Nimemuua, Desmond. Nimemuua mara ya pili."

Uliweka kikombe chini, ukafunua taulo. Tai ilikuwepo. Ukosi ulikuwepo, na sikio moja. Katikati palikuwa na weupe wa ubao na wekundu kidogo uliotiririka hadi kidevuni. Nyuso ulizipaka kwa tabaka nyembamba nyembamba kama ngozi, moja juu ya nyingine, mafuta mengi na rangi kidogo, na ngozi zote zilikuwa zimekwenda na maji.

Noreen alikuwa anatetemeka kuliko wewe.

"Umetumia nini?" ukauliza.

"Magadi. Na maji ya moto. Na brashi ya sahani. Alikuwa mchafu, mwenzangu. Nilitaka watu wamwone safi."

"Afadhali hukumtia kwenye mashine ya kufulia."

Noreen alicheka, kicheko kikageuka kilio, akakaa sakafuni na koti langu ulilomtupia. Wewe ukashuka kitini ukakaa naye, ingawa kukuinua kulitugharimu mimi na Janine jasho.

Imogen alipopiga simu alisema usiguse, kuna mafundi wa kurekebisha picha Manchester. Fundi alikuja akaangalia kwa kurunzi na kioo, mtu mpole sana. Akasema anaweza kutunza kilichobaki, lakini uso haupo, na yeye hawezi kurudisha asichowahi kukiona. Noreen alimshukuru, akamkatia keki, akarudi kwake akafunga mapazia mchana.

Hukulala vizuri siku hizo. Nilikusikia unageuka. Mwisho ukasema, "Lete kiunzi cha kuchorea karibu na dirisha."

"Avril, mkono wako."

"Asubuhi dawa ikishapanda unatulia kidogo. Kidogo kinatosha."

"Na nani atakaa? Sheria ni yako, si yangu."

"Noreen atakaa."

"Noreen si Wilf!"

"Amelala naye kitanda kimoja miaka yote ile, Desmond. Tutaona amebaki na nini."

Ukamwita. Alikuja amevaa nguo ya kanisani, nywele amezitengeneza, akakaa kwenye kiti alichokalia Wilf, mgongo wima. Ukamwambia aongee juu ya mumewe. Akaanza: Wilf alikuwa mtu mwema, mchapakazi, hakumnyima mtu...

"Noreen, nyamaza. Wema wake ulihubiriwa siku ya mazishi na hakuna aliyemtambua. Niambie alivyokuudhi."

"Kuniudhi?"

"Kukuudhi. Kukuchosha. Kukutia hasira mpaka ukatamani kumpiga na sufuria."

Noreen alikutazama, akanitazama mimi, akavua kofia.

Mungu wangu, aliongea! Kumbe yule mtu alikuwa akinuna, siku nzima hamsemeshi mkewe, bali anamtuma mbwa. "Mwambie mama yako supu imezidi chumvi." Na Noreen naye anamjibu mbwa, "Mwambie baba yako kuna mkahawa pale kona." Mbwa maskini anageuza kichwa huku na huku kama yuko kwenye mechi. Kumbe alikuwa akificha pai za nyama ya nguruwe kwenye sanduku la zana daktari alipomkataza. Kumbe alikuwa akitoka baani anasimama mlangoni anasema hajatoka baani.

"Alikuwa anafanya hivi," Noreen akasema, na akainua nyusi moja, akavuta mdomo wa chini ndani, kidevu mbele, macho yametulia tuli kama ya ng'ombe asiye na hatia.

"Hapo hapo! Usisogee!" ukapiga kelele.

"Mimi?"

"Si wewe. Naongea na Wilf."

Nami niliona, Avril. Kwa sekunde chache Wilf Holgate alikuwa amekaa pale kwenye nguo ya kanisani ya mkewe, anadanganya juu ya baa.

Tulikwenda hivyo asubuhi baada ya asubuhi. Noreen anasimulia ugomvi, na katikati ya ugomvi Wilf anapita usoni mwake, na wewe unamnasa. Mimi nilishika ncha ya ile fimbo ya kuegemeza mkono, wewe umeweka kifundo juu yake, brashi nyembamba kabisa. Ulinigombeza kwa kupumua. Nikakuomba radhi kwa kuwa hai. Dawa ikishuka mkono unaanza tena, unatupa brashi kwenye kopo, unafumba macho, unasema, "Kesho." Sijawahi kukuona umechoka vile, wala sijawahi kukuona na furaha vile, hata tulipompata Janine, na Janine asome hapa anisamehe.

Siku ulipomaliza, Noreen alikuwa ameshavuka kurudi kwake. Uligeuza kiunzi nione.

Nikatazama. Sikumjua.

Wilf niliyemjua mimi alikuwa na mashavu kama mkate uliotoka tanuri. Huyu mashavu yalikuwa yameshuka. Kope nzito. Nywele chache, nyeupe, shingo imelegea ndani ya ule ukosi wa zamani. Nyusi moja imeinuka, ndiyo, lakini chini yake mzee.

"Sema," ukaniambia.

"Ni picha nzuri."

"Sikukuuliza uzuri. Ni Wilf?"

"Sijui, Avril."

Uliitazama mwenyewe kwa muda mrefu. "Nimefuata ulikonipeleka uso wake," ukasema, na sikujua unasema uso wa nani. "Kama nimekosea, nimempa mwanamke yule mgeni akae naye. Mwite Noreen."

Nilivuka nikamwita. Akasema amechoka, na nguo zake ziko majini, atakuja kesho. Alikuwa anaogopa, nilimwona. Usiku huo kifua kikakubana, gari la wagonjwa likaja, na kesho hiyo haikuwepo. Noreen alikataa kumtazama bila wewe. "Avril akirudi tutamtazama pamoja," akasema.

Siku yako ya mwisho ya kuongea vizuri, ulinivuta kwa ukosi wa koti. "Usimwache angoje nirudi. Mwonyeshe. Na atakachosema niletee, hivyo hivyo. Akisema siye, niambie siye. Usinipe maneno ya hospitali." Nikakuahidi. Asubuhi yake nikashuka kununua chai.

Baada ya mazishi, Imogen alikuja kwa upole akauliza afanye nini na Wilf. Janine alisema tuiache, tusimwongezee Noreen jeraha. Yeye pia alikuwa ameiona na hakumtambua. Mimi nilisema sheria ni sheria, mwenye picha ndiye aseme. Tukamwendea Noreen.

"Itundikeni," akasema. "Nitamwona huko huko, pamoja na watu."

"Si afadhali umwone kwanza peke yako?" Janine akamuuliza.

"Nikiwa peke yangu naye na akawa siye, nitafanyaje? Kule angalau kuna watu wa kunishika."

Basi siku ya ufunguzi mji mzima ulifika, Avril. Laiti ungeona. Nyuso zako zote ukutani, na wenye nyuso wamesimama chini yake, wengine wamezeeka, wengine ni watoto wao. Bwana Tattersall alikuwa kando ya baba yake anawaeleza wageni wa London mambo ambayo si kweli. Watu walilia, watu walikula sana. Imogen alikuwa anahutubia Noreen alipoingia na koti lake jeusi la mazishi yako, mkoba ameubana kwapani. Imogen akanyamaza katikati ya sentensi. Watu wakampisha bila kuambiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa hajui habari ya magadi.

Nilisimama nyuma yake, mikono tayari.

Akavaa miwani. Akatazama. Nikaona mabega yake yamepanda, nikasema moyoni, anaanguka.

"Na wewe," akasema, kwa sauti kubwa ya jikoni, "ulikuwa wapi?"

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Unaniachia ndoo zote za makaa nibebe mwenyewe, na ngazi ile, na goti hili, kumbe uko mahali unazeeka kimya kimya! Mtazameni. Nilikuambia mashavu yale yataanguka, ukabisha. Ukasema ukoo wenu hawaanguki mashavu. Haya sasa! Na usiniinulie nyusi, Wilf Holgate, mbele za watu."

Akamgombeza hivyo, dakika nzima na zaidi, na hakuna aliyecheka tena. Mwanamke hamgombezi mgeni namna ile, Avril. Kisha sauti ikamwisha. Akaomba kiti. Akakaa mbele yake na koti lake hadi taa zikaanza kuzimwa, na wale walinzi wa jumba, Mungu awabariki, wakazima za vyumba vingine vyote wakaiacha ile.

Nilimsindikiza nyumbani kwa miguu. Mlangoni pake akageuka.

"Mwambie Avril ni yeye."

"Noreen. Avril hayupo."

"Najua hayupo, Desmond, mimi ndiye niliyekata mikate ya mazishi yake. Mwambie vilevile. Mwambie yule niliyemfuta alikuwa Wilf niliyemzika. Huyu ni Wilf ambaye ningekuwa naye sasa hivi. Mwambie nilikuwa sijui tungefananaje tukizeeka wote, na sasa najua."

Akaingia ndani.

Ndilo jibu, mke wangu. Limekaa kwangu tangu siku ile. Nimekuja kaburini na maua, nimekuja na mvua, nimefungua mdomo nikaongea habari za mpira na bei ya gesi. Halikutaka kutoka. Kila nilipojaribu niliona kwamba nikishakupa hili, sina tena kitu chako mkononi ambacho hakijaisha. Kazi yetu ya mwisho itakuwa imekamilika, na wewe utakuwa umekwenda kweli. Lakini niliahidi, na umengoja vya kutosha.

Ni yeye, Avril. Umempata.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Desmond. Binti yako Janine na mumewe Colin. Wajukuu zako Bethan na Rory, wanaodai umewafundisha kuiba kwenye dhumna. Dada yako Glenys aliyeko Morecambe. Wanafunzi wako wa jioni. Na Noreen Holgate, ambaye si ndugu wa damu, lakini amevuka barabara na kusimama nyuma ya bega langu mpaka nimeandika jina lake.

Hakuna siku tutakayoacha kukukumbuka.